Kubishana Juu ya Wimbo Alioupenda Bill Withers: Tuliyopitia Barazani Kikwajuni

Mtu anayetaka kuitisha mjadala wa muziki hapa Unguja hana haja ya kutafuta wabishi, kwani kila baraza ina wake, nao husubiri mada tu. Kazi kubwa ni kuwafanya wabishane juu ya kitu kimoja. Nayaandika haya kwa ajili ya wale wanaofikiria kuandaa jioni za kusikiliza nyimbo za zamani mitaani kwao, kwa sababu sisi wa Kikwajuni tuliliingia jambo hilo tukilidhania kuwa ni la kukaa, kusikiliza na kunywa kahawa, nalo likatugharimu fedha, usingizi na, kwa muda, maelewano ya watu wawili waliokuwa wakisalimiana kila siku tangu utotoni.

Kikundi chetu hakina jina wala katiba. Ni watu wa marika tofauti wanaokutana baada ya sala ya Isha kwenye baraza ya nyumba moja, na kati yao wamo mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mshonaji wa nyumba ya jirani, baharia wa zamani aliyefanya kazi miaka mingi katika meli za mizigo, na kijana fundi wa simu asiyechagua muziki. Ubishi wenyewe ulizuka pale mwalimu aliposema kwamba Bill Withers, mwimbaji wa soul wa Marekani, alipata kutamka mbele ya watu kuwa katika nyimbo zote alizotunga, anaoupenda zaidi ni ule unaomhusu bibi yake, yaani "Grandma's Hands". Fundi wa simu hakukubali. Kwake yeye hakuna wimbo wa Withers unaoweza kuupita "Lean on Me", ambao hata watoto wa skuli wanaujua, na ambao mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, watu wa nchi nyingi waliuimba kutiana moyo, katika majira yaleyale aliyofariki Withers mwenyewe. Mshonaji akauliza: ikiwa mwenye wimbo ameshasema, sisi tunabishana nini? Mwalimu akamjibu kwamba tunabishana kama alikuwa sahihi. Palepale nikakabidhiwa kazi ya kuandaa jioni ya kusikiliza, kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyekuwa nimenyamaza.

Fedha za mwanzo zilikwenda mahali pasipostahili. Nilikodi spika kwa vijana wanaopiga muziki kwenye harusi kwa shilingi 40,000, nikanunua kahawa, kashata na haluwa kwa shilingi 25,000, nikajaza na bando la intaneti. Spika hiyo ilikuwa imetengenezwa kushindana na makelele ya uwanja mzima, na ilipopewa wimbo wa gitaa na sauti ya mtu mmoja ilitoa mngurumo wa besi ulioyameza maneno yote, hadi kikombe cha kahawa kilichokuwa ukingoni mwa baraza kikawa kinajisogeza chenyewe kidogokidogo kuelekea chini. Tangu hapo tunatumia spika ndogo ya nyumbani, tunaiweka juu ya kiti usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na hatumlipi mtu. Kwa yeyote anayeanza, shauri langu ni kwamba fedha ya spika aiweke kwenye kahawa, kwa sababu kahawa ndiyo inayowafanya watu wakae hadi wimbo urudiwe.

Kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, nilikwenda mapema, nikamweleza kuwa hatupigi ngoma wala hatukusanyi kiingilio, na kwamba kabla ya saa nne na nusu za usiku tutakuwa tumezima. Alichoniuliza ni kama majirani wamearifiwa. Nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba, na jirani mmoja mtu mzima alinihoji kwa nini tunataka kupiga nyimbo za kanisani karibu na msikiti. Swali lake lilikuwa la haki, maana kanisa limetajwa katika wimbo tangu ubeti wa kwanza. Nilimweleza kuwa si wimbo wa ibada, ni mtu anamkumbuka bibi yake aliyekuwa akienda naye kanisani, na nikamsomea maana yake kwa Kiswahili. Akasikiliza hadi mwisho, akasema tusipige kwa sauti kubwa, na usiku wenyewe ulipofika akaja kukaa.

Jioni ya mwanzo iliharibika kwa sababu moja ambayo baadaye ilionekana wazi mno: kila mtu alikuja na rekodi yake kichwani. Fundi wa simu aliwasha wimbo kwenye simu yake, na kabla ya kuimbwa neno lolote tukasikia mtu anazungumza kwa muda mrefu, watu ukumbini wanacheka, kisha ndipo wimbo ukaanza. Mwalimu akasema huo sio, kwani yeye anaujua wimbo usiozidi dakika mbili na usio na hotuba. Baharia akaapa kuwa hotuba ilikuwamo katika albamu ya kwanza kabisa ya Withers, maana alikuwa na kaseti yake tangu enzi za meli. Mwalimu, ambaye kufundisha hesabu kumemzoesha kuthibitisha, akatoa simu, akasoma mbele ya watu wote orodha ya nyimbo za albamu hiyo pamoja na urefu wa kila mmoja, akahitimisha kwa kusema kwamba mzee amechanganya. Mzee akainuka, akavaa makubazi yake, akaondoka akiwa hajaigusa kahawa yake. Wawili hao hawakusemeshana kwa muda, na kwa kuwa wanasali msikiti mmoja, mtaa mzima ukajua.

Hapo ndipo nilipoona kuwa kuendesha mjadala wa muziki ni kazi ya adabu kabla ya kuwa kazi ya masikio. Nilimwendea mwalimu peke yake, tukaenda wote wawili nyumbani kwa baharia, na baada ya mazungumzo ya mambo mengine kabisa, mzee mwenyewe akaingia ndani akatoka na ile kaseti. Ilikuwa kopi, imeandikwa kwa kalamu ya wino uliofifia, jina la mwimbaji upande mmoja na majina ya nyimbo yakiwa yamepangwa bila kufuata albamu yoyote. Aliyeinakili alikuwa amekusanya nyimbo kutoka santuri mbalimbali, na "Grandma's Hands" aliyoiweka humo ilikuwa ile yenye hotuba. Kwa hiyo mzee alisema kweli kuhusu alichokisikia, na mwalimu alisema kweli kuhusu albamu. Ukiwa na mzee wa namna hiyo katika kikundi chako, muulize rekodi aliyonayo kabla ya kikao, tena faragha, kwani mbele ya watu swali lilelile hugeuka kuwa shitaka.

Baada ya hapo tulikubaliana kwamba hakuna mjadala mpaka rekodi itajwe kwa jina la albamu, mwaka na urefu wa dakika, na mafaili yenyewe yapakuliwe kabla, ili tusiutegemee mtandao wala simu ya mtu. Kwa wimbo huu rekodi zilizotuhusu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya studio, iliyomo katika albamu ya "Just As I Am" ya mwaka 1971, ambayo mtayarishaji wake alikuwa Booker T. Jones, na miongoni mwa wapigaji wake walikuwamo Al Jackson Jr. kwenye dramu, Donald Dunn kwenye besi na Stephen Stills kwenye gitaa. Ya pili ilirekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York tarehe 6 Oktoba 1972, ikatolewa mwaka uliofuata, na pamoja na maneno ya utangulizi urefu wake ni zaidi ya maradufu ya ile ya studio.

Jioni iliyofuata ilikuwa nyingine kabisa. Nilisoma kwanza maana ya wimbo kwa Kiswahili, niliyoiandika kwa msaada wa kijana anayefundisha Kiingereza, kwa sababu tafsiri iliyotolewa na simu ilikuwa haina kichwa wala miguu. Kisha tulisikiliza rekodi ya studio mara ya kwanza bila mtu kuruhusiwa kusema, tukairudia, na ndipo mazungumzo yakafunguliwa.

Inaanza kwa Withers kuvumisha sauti, mdomo ukiwa umefumbwa, juu ya gitaa. Fundi wa simu alishituka, kwa kuwa mvumo huo aliujua kabla hajamjua mwenyewe: ndio uliochukuliwa na kundi la Blackstreet mwaka 1996 ukawa msingi wa "No Diggity". Baada ya mvumo kuna mikono tu. Mikono ya bibi inapiga makofi kanisani Jumapili asubuhi, inapiga tari kwa ustadi, inamwonya mtoto asikimbie ovyo asije akaangukia kigae cha chupa au akamkanyaga nyoka majanini. Inamfariji msichana wa pale mtaani aliyezaa nje ya ndoa. Yenyewe inauma na kuvimba. Inampa mtoto peremende, inamwinua kila anapoanguka, na mama anapotaka kumchapa, bibi anaingia kati. Mwishoni bibi hayupo tena, na mwimbaji anasema kwamba akijaaliwa kufika peponi ataitafuta mikono hiyo.

Mshonaji ndiye aliyeona jambo ambalo sisi wanaume tulikuwa tumelipita: sura ya bibi haielezwi hata mara moja. Hatujui alikuwa mrefu au mfupi, wala alivaa nini. Alisema kuwa bibi yake mwenyewe alikuwa mtu wa Makunduchi, akipiga makumbi na kusuka ukili hadi uzee wake, na kwamba sura yake imeanza kumpotea lakini vidole vyake anaweza kuvichora, kuanzia kidole gumba kilichopinda hadi vifundo vilivyokuwa vikivimba wakati wa baridi, ambavyo yeye, akiwa mtoto, alitumwa kuvichua kwa mafuta ya nazi. Watu walinyamaza kidogo, halafu baharia akasema kuwa sasa ameelewa kwa nini kipande cha kuvimba kimewekwa katikati ya wimbo na hakikuwekwa mwisho, kwa sababu mwisho kingekuwa cha kuomba huruma, bali pale kilipo bibi anaumwa na bado anaendelea na kazi. Katika yote yaliyosemwa barazani kuhusu wimbo huu, hilo naliweka mbele.

Maneno hayo ya mshonaji yangeweza kutupita kabisa laiti tungeendelea na utaratibu wetu wa kawaida. Kwetu, mtu mzima akishasema, vijana huona vibaya kumpinga, na wanawake waliokuwa wamekaa ndani, ukumbini mwa nyumba, mlango ukiwa wazi, walikuwa wakisubiri wanaume wamalize. Kwa hiyo kabla ya kikao niliwaomba wazee radhi na ruhusa kwamba watu waliozoea kunyamaza waanze, na wao wafunge. Wazee hawakuchukia. Waliliona ni heshima, kwani anayefunga mazungumzo ndiye anayekumbukwa. Spika nayo niliielekeza mlangoni ili ukumbini wasisikie masalio.

Ndipo tukarudi kwenye swali la mshonaji la siku ya kwanza: mwenye wimbo ameshasema. Alisema nini hasa? Katika rekodi ya Carnegie Hall, Withers mwenyewe anaeleza kwamba katika alivyoviandika, anachokipenda zaidi ni kile kinachomhusu bibi yake, kisha anasimulia habari za kanisa la bibi huyo na namna watu walivyokuwa wakiimba humo. Ukisikiliza kwa makini, anachokitaja ni utungo. Hasemi kuwa anaipenda zaidi sauti iliyonaswa studio mwaka 1971, wala hasemi kwamba usiku ule ameuimba vizuri zaidi. Nusu ya ubishi wetu iliyeyuka hapo, kwa sababu wengi walikuwa wakimtetea au kumpinga kwa neno ambalo hakulitamka. Mtu anaweza kuupenda utungo wake kuliko mwingine wowote na akawa hapendi hata rekodi moja iliyofanywa. Kabla hujawaita watu wajadili chaguo la msanii, tafuta maneno yake mwenyewe, uyasikilize kutoka kinywani mwake, na uwapigie watu wote wayasikie.

Fundi wa simu hakuwa amekata tamaa. Alileta hoja ya mauzo: "Lean on Me" ilishika nafasi ya 1 katika chati ya Billboard ya Marekani mwaka 1972, ilhali "Grandma's Hands" haikupita nafasi ya 42. Mwalimu akamwambia kuwa takwimu hiyo inajibu swali la wanunuzi wa mwaka ule na hakuna aliyeliuliza. Kijana, kwa haki yake, akaja na hoja nyingine yenye nguvu zaidi, nayo ni kwamba Withers hakuwa mwamuzi mzuri wa kazi zake. Alitoa mfano wa "Ain't No Sunshine", wimbo uliomtoa. Ule mrudio maarufu wa maneno mawili, anaoutamka mara 26, ulikuwa wa kujaza nafasi tu, kwani mwenyewe alikusudia kuandika maneno mengine pale. Wapigaji waliokuwa studio, watu wenye uzoefu kuliko yeye, ndio waliomwambia aache hivyo hivyo. Tena wimbo huo ulitolewa kwanza kwenye upande wa pili wa santuri, upande wa mbele ukiwa na "Harlem", na watangazaji wa redio ndio walioigeuza santuri. Ikiwa alipita karibu namna hiyo na kuuharibu wimbo wake mkubwa, kwa nini tumwamini anapochagua?

Hoja hiyo ilituchukua muda mrefu, na ninaona ilistahili. Mwalimu alijaribu kuijibu kwa kutaja umri. Withers alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 katika mji mdogo wa wachimba makaa unaoitwa Slab Fork, West Virginia, akakulia Beckley kwa jamaa za mama yake, akatumikia jeshi la majini miaka tisa, kisha akafanya kazi kiwandani Los Angeles akiunga vyoo vya ndege, na albamu yake ya kwanza ilipotoka alikuwa ameshapita miaka 30. Picha ya jalada ilipigwa hapohapo kiwandani, akiwa na kisanduku cha chakula mkononi. Mtu wa namna hiyo, mwalimu alidai, hachagui wimbo kwa kutaka sifa. Fundi akasema kuwa kutotaka sifa hakumfanyi mtu ajue kusikiliza. Mimi naona kijana alimshinda mwalimu katika kipengele hicho, na nilisema hivyo, ingawa mwalimu aliniangalia kama mwanafunzi aliyekosea kuandika jina lake.

Tulipoipiga rekodi ya jukwaani, kambi zilijipanga upya kwa namna ambayo sikuitarajia, na aliyezipanga ni taarab. Waliokulia kwenye kumbi za taarab, wakiwamo waliokuwa wakihudhuria mazoezi ya Akhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, hawakuona sababu ya kuitenga hotuba na wimbo. Kwao wimbo ukumbini huwa na watu wanaoinuka kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha, ubeti hurudiwa kwa sababu aliyetunza anataka urudiwe, na mwimbaji akiwa na neno la kusema analisema. Baharia alikumbusha kwamba Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu kila upande, na wimbo ambao ukumbini ungechukua muda wake wote ulilazimika kukatwa ili uenee. Hatuwezi, alisema, kuuita mkato huo kuwa ndio wimbo kamili kwa sababu tu ndio uliohifadhiwa. Wimbo wa Withers ukumbini, pamoja na kicheko cha watu, ndio ulio karibu na alivyouishi.

Waliopinga, nami nikiwa mmoja wao, tulisema kwamba dakika mbili za Withers ni jambo tofauti na dakika tatu za Bombay. Albamu ya mwaka 1971 haikubanwa na upande wa santuri wa dakika tatu. Angeweza kuurefusha wimbo kama angetaka. Ufupi ule ni wa kukusudia, na ndio unaoufanya wimbo uchome. Katika rekodi ya jukwaani tunaambiwa mapema kwamba bibi huyu anapendwa, kwa hiyo mikono inapoanza kutajwa sisi tumeshalainishwa. Katika rekodi ya studio hatuambiwi kitu. Tunaupata mkono mmoja baada ya mwingine, na mapenzi tunayagundua wenyewe, tena tukiwa tumechelewa, kwa sababu tunapoyagundua bibi ameshafariki.

Nilidhani hapo nimefunga mlango, lakini mshonaji akaufungua. Alikuwa amesoma kwamba Withers alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na kwamba hakuachana nacho mpaka alipokuwa na miaka 28. Akatuuliza kama tumefikiri maana ya mtu huyo kusimama katika ukumbi wenye viti takriban 2,800 akazungumza, si kuimba, kuzungumza, kwa utulivu na mzaha, akiwachekesha wageni kwa habari za bibi aliyemlea. Wenye kigugumizi wengi huimba bila kukwama, alisema, ila hadithi huwatia hofu. Kwake yeye, hotuba ile ndiyo kazi ngumu zaidi aliyoifanya Withers usiku huo, na kuiita utangulizi ni kumdhulumu.

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Bado naichagua rekodi ya studio kwa kuisikiliza peke yangu, lakini siwezi tena kusema kwamba ile ya pili ina maneno ya ziada. Baharia alifurahi kuliko wote, kwa kuwa kaseti yake iliyoonekana kuwa ni ya makosa ndiyo iliyokuwa imembebea rekodi iliyotushinda kuijibu, na mwalimu, mbele ya watu walewale, akamwomba amnakilie.

Kuna aliyependekeza tupige kura. Tulikataa, na ningemshauri kila mwandaaji akatae, kwa kuwa kura inawafanya watu wahesabu wenzao badala ya kuwasikiliza, na walioshindwa hawaji tena. Tulichofanya ni kumtaka kila mtu aseme ni rekodi ipi angempigia mgeni asiyemjua Withers kabisa. Majibu yalikuwa ya ajabu: fundi wa simu, mtetezi wa "Lean on Me", alisema angempigia "Grandma's Hands" ya studio kwanza, kwa sababu mgeni atautambua ule mvumo na hapo atakuwa amenaswa, na mwalimu, aliyeanzisha yote, akasema angempigia "Lean on Me".

Kwa hesabu ya jumla, jioni ya namna hii sasa haituzidi shilingi 20,000, karibu zote zikiwa za kahawa na kashata, na kila mtu anachangia anachoweza. Umeme ukikatika tunaendelea, kwa kuwa spika ina betri na mafaili yamo ndani ya simu. Wakati wa mwezi wa Ramadhani tunasimamisha kabisa. Karatasi ya maana ya wimbo huwa nainakili mapema ili wanaokaa mbali waishike mkononi, na anayetaka kuhoji tafsiri anahoji kabla muziki haujawashwa, kwani ubishi wa tafsiri ukianza katikati ya wimbo haumalizwi na mtu.

Mada inayofuata wameichagua wanawake: "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo ambao watu wanauhusisha na Siti binti Saad na ambao Bi Kidude aliuimba kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2013. Nimewaomba wote waniletee kwa maandishi rekodi wanayoikusudia, pamoja na mwaka na urefu wake. Hadi sasa nimepokea karatasi za watu wachache, na hakuna mbili zinazotaja rekodi moja.